Sekunde 5 za kusubiriwa kutwa nzima

Haya jamani sogeeni mbele, viti vya mbele haviumi. Nimepewa nusu saa na nimekuja kuongelea sekunde 5. Ndiyo, 5. Chukua kipande cha lami cha mita 200, mtu akipite kwa kilomita 144 kwa saa, piga hesabu mwenyewe, zinatoka sekunde 5 kamili. Na huyo mtu hana injini wala betri, ana miguu yake miwili tu, kalala chali ametanguliza miguu, ananyonga baiskeli iliyofunikwa na ganda kama yai lililovutwa. Anaitwa Todd Reichert, wa Kanada, Septemba 2016 alipiga 144.17, na alipigia kwenye mbio za spidi za baiskeli hizi Battle Mountain, Nevada, kule Marekani, barabara ya jimbo namba 305, barabara ya kawaida kabisa ambayo siku nyingine zote inapita magari ya watu na shughuli zao.

Sasa mkisikia mbio mnawaza jukwaa, kelele, watu wanapitana kwenye kona. Hapa hakuna anayempita mtu. Vyombo vinaachiwa kimoja kimoja, kila mmoja na saa yake, na sehemu kubwa ya siku watu wanaangalia kipima upepo.

Alfajiri bado giza watu wameshaamka, wengine wanajaza matairi, wengine wanafuta ganda na kitambaa utadhani wanampangusa mtoto. Kwa nini mapema hivyo? Sababu ni hewa. Jua likishapanda ardhi inapata moto, hewa inaanza kupanda na kuzunguka, upepo unazaliwa. Alfajiri na jioni jua likizama ndiyo hewa inatulia. Na sheria ya rekodi hapo haina huruma, upepo usizidi mita 1.67 kwa sekunde, yaani kama kilomita 6 kwa saa, upepo ambao majani ya mti ndiyo kwanza yanawaza kama yatikisike au yaache. Ukizidi hapo, kimbia utakavyo, spidi yako itaandikwa lakini rekodi huna. Na mteremko nao una kikomo, kwenye mita 100 barabara isishuke zaidi ya sentimita 66 hivi, kwa macho huoni kama inashuka.

Ebu niwaambie kitu kuhusu hewa maana hapa ndipo utamu ulipo. Kwenye baiskeli ya kawaida ukishaanza kukimbia kweli, nguvu zako nyingi zinaliwa na hewa, sio na barabara. Na hewa ina roho mbaya, ukitaka spidi mara 2 inakudai nguvu mara 8. Mara 8! Hakuna mazoezi duniani yatakupa miguu ya watu 8. Kwa hiyo hawa jamaa walishaacha zamani kutafuta mtu mwenye nguvu zaidi, wanatafuta jinsi ya kumficha mtu asionekane na hewa. Unamlaza ili uso unaogonga hewa uwe mdogo, unamfunika na ganda la kaboni faiba lenye pua ya mviringo na mkia mwembamba, hewa inapita juu yake kwa adabu, tabaka juu ya tabaka, bila vurugu. Na adabu yenyewe inavunjika kirahisi mno. Mdudu mmoja tu, inzi hivi, akigonga puani akanata, hewa yote iliyo nyuma yake inavurugika, inatanuka kama kabari mpaka huko mkiani. Ndiyo maana wale watu na vitambaa vyao msiwacheke. Mimi niliwacheka nilipoanza kusoma haya mambo, nikajua baadaye.

Ganda lenyewe halina tundu la kutoa miguu. Mtu akishalala ndani, kifuniko kinawekwa, maungio yanazibwa na tepu, basi, hawezi kutoka mwenyewe na hawezi kukanyaga chini. Ikibidi asimame katikati ya njia anaanguka ubavu kama gogo. Kwa hiyo mwanzoni kuna watu wanamshikilia na kumsindikiza mpaka chombo kipate balansi, na mwisho kuna watu wengine wanamdaka. Chombo cha Reichert, Eta, hakina hata kioo cha mbele, kwa sababu kioo ni kiungio kingine cha kuisumbua hewa, anaangalia skrini ndani inayoonyesha picha ya kamera. Yaani unakimbia kilomita 140 kwa saa ukiangalia kama tivii, mimi hapana, asante.

Barabara inafungwa kwa muda mfupi, kama dakika 20, kisha inafunguliwa magari yapite, inafungwa tena. Ndani ya muda huo vyombo kadhaa vinaachiwa, kimoja baada ya kingine. Mbio ndefu inaanzia kama kilomita 8 kabla ya zile mita 200, na hapo ndipo wageni wanapoharibu. Akisikia ameachiwa anakanyaga kwa hasira, dakika ya pili mapaja yanawaka, na ndani ya ganda joto linapanda, jasho linaingia machoni huwezi kujipangusa, kelele za cheni na matairi zinajaa mle kama uko ndani ya ngoma. Mzoefu anapanda pole pole, anaficha nguvu, anakuja kuzimwaga zote mwishoni. Na gia zake sio hizi mnazozijua. Ukinyonga mizunguko 110 kwa dakika na unataka kilomita 144, kila mzunguko mmoja wa pedeli lazima ukupeleke karibu mita 22. Baiskeli ya mashindano ya kawaida kwenye gia yake nzito kabisa inakupa kama nusu ya hapo.

Kuna mzee hapo anatikisa kichwa, najua swali lako, kwa nini hatuzioni hizi baiskeli kwenye mashindano ya kawaida. Zilikuwepo! Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, ambaye hakuwa hata katika wale wakubwa wa zama zake, alilala kwenye chombo cha Charles Mochet, bila ganda lolote, akavunja rekodi ya saa moja, yaani umbali mtu anaofika akinyonga saa nzima, kwa kilomita 45.055. Mwaka uliofuata shirikisho la baiskeli la dunia likaamua hiyo sio baiskeli, mlango ukafungwa. Mpaka miaka ya 70 California, profesa Chester Kyle na wenzake wakaanza kuzikimbiza upya, 1976 chama chao kikazaliwa na kanuni yake ilikuwa nyepesi, umbo lolote, mradi nguvu iwe ya mtu. Miaka 10 baadaye, 1986, Fred Markham na chombo kinaitwa Gold Rush akapita kilomita 105 kwa saa. Mimi naona ule uamuzi wa 1934 ulikuwa uoga tu, lakini tuache.

Halafu tusichanganye na yule mama wa Marekani, Denise Mueller-Korenek, 2018 alikimbiza baiskeli kilomita 296 kwa saa. Ile ni kweli na ni balaa, ila alikuwa nyuma ya gari linalompasulia hewa. Hapa unaipasua mwenyewe.

Na tofauti zinavyokuwa ndogo sasa! Sam Whittingham 2009 alifika 133.28. Timu ya wanafunzi wa Uholanzi ikahangaika miaka, 2013 Sebastiaan Bowier akapiga 133.78. Nusu kilomita kwa saa. Kwenye zile mita 200 hiyo ni kama sehemu 2 za mia za sekunde, kope haijafika chini.

Kwa hiyo piga picha jioni ya mwisho, jua linagusa milima, dirisha la mwisho la dakika 20. Chombo kinapita mbele yako, fyuu, umeshakikosa. Kinapunguza kule mbele, gari la timu linakifuata mbio, watu wanakidaka, tepu inabanduliwa, kifuniko kinatoka na mvuke, mtu mwekundu amelowa hana pumzi. Spidi ameshaiona kwenye skrini yake. Anauliza neno moja tu, upepo? Na aliyeshika redio anainua kidole, subiri, wanaisoma.