Posho, ghala na sururu: Wagali walivyoshindwa na Warumi

Mabibi na mabwana, karibuni. Vita vya Warumi na Wakelti wengi wetu tumevijua kwa sinema: huku wanaume wenye sharubu wakipiga makelele, kule safu za ngao zimesimama kimya. Jioni ya leo nitasema sana juu ya ngano, na panga zitakuja kidogo tu. Ukisoma kumbukumbu za vita za Julius Caesar, jemadari wa Kirumi, kuhusu Gali, nchi ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Ufaransa ya leo, utaona kwamba tangu mwaka 58 hadi 51 KK majeshi yalikwenda, yalisimama na yalipigana kwa kufuata chakula kilipo. Kwa maoni yangu hapo ndipo Wagali walipozidiwa, maana ushujaa walikuwa nao tele.

Wagali ni tawi moja tu la Wakelti. Wengine waliishi Uingereza, Hispania, na hata Anatolia, walikovuka mwaka 278 KK. Jimbo la Galatia ambalo wasomaji wa Agano Jipya wanalifahamu lilipata jina lake kwao. Dola moja hawakuwa nayo. Ndani ya Gali yenyewe kulikuwa na Waedui, Waarverni, Wabituriges, Wahelvetii na wengine wengi, kila kabila na wakuu wake, sarafu zake na ugomvi wake na jirani.

Walikuwa wakulima. Nyumba ya Gali kwa kawaida ilikuwa ya pembe nne, wakati ndugu zao wa Uingereza walipendelea ya mviringo. Zilisimikwa nguzo za mti mgumu, zikasukwa fito katikati, kisha ukuta ukakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, na juu ukaezekwa. Nyumba ya namna hiyo huanza kufa pale nguzo inapoingia ardhini, maana ndipo unyevu unapokaa. Walilima ngano na shayiri, wakafuga ng'ombe, kondoo na nguruwe. Nyama ya nguruwe ya chumvi kutoka Gali iliuzwa hadi Roma. Mapipa ya mbao ni fani yao, na Pliny, mwandishi wa Kirumi, anawataja kwa sabuni ya mafuta ya wanyama na majivu. Shayiri waliifanya pombe, lakini divai ya Italia iliwatia wazimu: Diodorus, mwanahistoria Mgiriki, anaandika kwamba mfanyabiashara aliweza kupata mtumwa kwa mtungi mmoja.

Akiba yao ya nafaka inastahili tuichungulie kwa karibu. Huko Danebury, ngome ya kilimani ya Wakelti kusini mwa Uingereza, uchimbaji ulioongozwa na Barry Cunliffe tangu 1969 hadi 1988 ulifukua mashimo mengi mno ya kuhifadhia nafaka, yenye mdomo mwembamba na tumbo pana. Watu walijiuliza: nafaka ikae ardhini, katika nchi ya mvua, isioze? Katika miaka ya 1970 Peter Reynolds, kwenye shamba la majaribio la Butser, alichimba mashimo ya aina hiyo akayajaza. Siri iko kwenye kuziba. Unajaza shimo hadi mdomoni ili hewa isipate nafasi, unaziba kwa udongo wa mfinyanzi uliolowa, halafu unafunika kwa udongo wa kawaida ili ule wa mfinyanzi usikauke na kupasuka. Punje zinazogusa kizibo na kuta huchipua. Kwa kuchipua hula oksijeni iliyomo na kutoa kaboni dioksaidi, na hewa hiyo nzito ikishajaa, uotaji unasimama, wadudu na ukungu nao wanakwama. Kinachoharibika ni ganda jembamba la pembeni. Nafaka iliyobaki hulala hadi masika, na hata kuota inaota.

Ila shimo hilo ukishalifungua, ndiyo basi. Hewa inaingia, ukungu unaamka, na lazima ulimalize lote. Kwa hiyo linafaa kwa mbegu, au kwa mzigo utakaouzwa au kugawiwa kwa mkupuo. Chakula cha kila siku kilikaa kwenye kighala kilichoinuliwa juu ya nguzo nne, kuepuka panya na unyevu. Kighala hicho ni mbao na nyasi. Kijinga kimoja cha moto kinatosha. Hilo tutalirudia.

Askari wa Kirumi naye alikula nini? Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika katika karne ya 2 KK, anatupa kipimo cha posho ya askari wa miguu ambacho ni sawa na lita 35 hivi za ngano kwa mwezi, karibu kilo 27. Sema kilo 0.9 kwa siku. Alipewa punje, akasage mwenyewe. Unga hunyonya unyevu, huingia wadudu na kugeuka uchungu, lakini punje nzima huvumilia safari. Watu wanane walilala hema moja la ngozi, na hema hilo lilikuwa na nyumbu wake na mawe yake ya kusagia. Kila jioni lazima wapate kilo saba na ushee za kusaga, kisha mkate wa kuoka kwenye majivu au uji, pamoja na mafuta ya nguruwe, jibini, na maji yaliyotiwa siki. Sasa piga hesabu: askari 40,000 ni tani 36 kwa siku, hujagusa farasi wala nyumbu. Jeshi la ukubwa huo likikaa mahali pamoja siku chache, mashamba ya jirani yamekwisha.

Mwaka 58 KK Wahelvetii walihama kutoka Uswisi ya leo. Walichoma miji yao 12 na vijiji kama 400 ili asiwepo wa kutamani kurudi, na kila mtu akaamriwa abebe unga wa miezi mitatu. Unga, angalieni, si punje. Caesar aliwafuata akitegemea ngano aliyoahidiwa na Waedui, nao wakawa wanampiga kalenda: inakusanywa, iko njiani, inakaribia. Zilipobaki siku mbili tu kabla ya kugawa posho, aliacha kuwafuata akageukia Bibracte, mji mkubwa wa Waedui, kama kilomita 27 hivi. Wahelvetii wakadhani anakimbia, wakamvamia kwa nyuma. Vita vya Bibracte vilipiganwa kwa sababu ghala la jeshi la Kirumi lilikuwa linakauka.

Hapo ndipo mahali pa kusema machache kuhusu silaha. Mkuki wa kurusha wa Kirumi ulikuwa na mpini wa mbao na chuma chembamba kirefu chenye ncha ngumu. Caesar anaeleza kwamba mkuki mmoja ulitoboa ngao mbili zilizopandana, chuma kikapinda, usichomoke wala usikatike. Mtu akahangaika kuutikisa mkono wa kushoto, mwisho akaitupa ngao akapigana kifua wazi. Ama ile habari kwamba upanga wa Mkelti ulipinda kwa pigo la kwanza, akawa anaunyoosha kwa mguu, inatoka kwa Polybius, na imerudiwa kupita kiasi. Panga zilizopimwa maabara zinatofautiana sana. Zipo laini, na zipo zenye makali ya chuma cha pua yaliyofuliwa kwa ustadi. Deraya ya pete za chuma, vazi tunalolihesabu kuwa la Kirumi, Varro, mwandishi Mrumi mwenyewe, aliwapa Wagali sifa ya kuibuni.

Mwaka 52 KK Vercingetorix wa Waarverni aliliona jambo hili vizuri kuliko mkuu yeyote wa Gali. Mpango wake ulikuwa kuwanyima Warumi majani ya farasi na nafaka: choma mashamba, vijiji na vighala, ili watawanyike kutafuta, kisha wapanda farasi wawamalize kikundi kwa kikundi. Wabituriges walichoma miji yao zaidi ya 20 kwa siku moja. Lakini Avaricum, Bourges ya leo, waliomba kwa machozi usiguswe, na Vercingetorix akakubali shingo upande.

Huruma hiyo iligharimu. Ukuta wa Avaricum ulikuwa wa kutisha: magogo yamelazwa kuingia ndani ya tuta, yameachana futi mbili, yamefungwa kwa ndani na kushindiliwa udongo, na mbele nafasi zimezibwa kwa mawe makubwa, safu juu ya safu. Jiwe linazuia moto. Gogo lililofungwa nyuma linazuia boriti ya kubomolea kuta. Warumi waliotishwa na njaa, siku kadhaa bila nafaka kabisa, wakila nyama ya ng'ombe waliotekwa mbali, hawakuubomoa. Kwa siku 25 walijenga tuta la kupandia lenye upana wa futi 330 na kimo cha futi 80, wakauruka siku ya mvua kubwa. Caesar anasema kati ya watu 40,000 walipona kama 800. Halafu akakaa siku kadhaa mle mjini, maana alikuta shehena kubwa ya nafaka. Ghala moja lililoachwa bila kuchomwa ndilo lililolisha jeshi lake.

Baadaye Caesar alipigwa Gergovia, mji wa Waarverni, akapoteza karibu askari 700, wakiwemo maakida 46. Waedui walipomgeuka waliichoma bohari yake katika mji wa Noviodunum; ngano waliyoweza wakaipakia mashuani, iliyobaki wakaimwaga mtoni au kuiteketeza. Lakini wapanda farasi wa Vercingetorix waliposhindwa, alijifungia Alesia, kilima ambacho leo ni Mont Auxois, na watu 80,000 kwa hesabu ya Caesar. Alikuwa na nafaka ya siku 30 kwa shida. Aliwatuma wapanda farasi wakalete msaada, akaamuru nafaka yote iletwe kwake kwa adhabu ya kifo, akaigawa kidogo kidogo.

Nje, sururu za Warumi zilikuwa kazini. Kwanza handaki la futi 20 upana, kando zake wima, ili wachimbaji walio futi 400 nyuma yake wasishambuliwe ghafla. Huko nyuma yakafuata mahandaki mawili ya futi 15, la ndani likajazwa maji ya mto. Kisha tuta lenye uzio, jumla futi 12, na mnara kila futi 80. Askari walikuwa wachache kwa ukuta mrefu namna hiyo, wengine wako mbali kutafuta mbao na nafaka, ndiyo maana mitego ikaongezwa. Safu tano za matawi yaliyochongwa ncha na kufungwa pamoja chini ya handaki, yasing'oleke. Mbele yake safu nane za mashimo ya futi tatu, yamepangwa kama vitone vitano vya dadu. Kila moja lina kigingi kinene kama paja, kimechongwa na kukaushwa kwa moto, kimetokeza vidole vinne tu. Futi moja ya udongo ikashindiliwa chini kukishika, juu ikafunikwa vijiti na majani. Mbele kabisa, vipande vya mti vyenye ndoano za chuma vikazikwa. Ukuta wa kuwakabili waliozingirwa ulikuwa na maili 11 za Kirumi. Mwingine wa maili 14 ukaelekea nje, dhidi ya jeshi la kuja kuokoa. Uchimbaji wa Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, tangu 1861 hadi 1865, na ule wa Wafaransa na Wajerumani wa miaka ya 1990, uliyakuta mahandaki hayo, ingawa mitego hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu, haifuati maandishi neno kwa neno. Fundi hufuata ardhi.

Na Caesar aliamuru nafaka na majani ya siku 30 yawekwe ndani ya ngome zake mapema.

Siku zilipokwisha na msaada haujafika, Critognatus, mkuu mmoja wa Waarverni, alishauri waliozingirwa wale miili ya wasioweza kupigana. Badala yake wenyeji wa Alesia, Wamandubii, walifukuzwa na wake zao na watoto. Warumi hawakuwapokea, hata kama watumwa. Walibaki katikati ya kuta mbili. Jeshi la uokozi lilipofika lilishambulia mara tatu. Usiku, likiwa na ngazi na kulabu, liliangukia mashimoni, na mara ya mwisho lilichagua kilima cha kaskazini ambacho ukuta haukuweza kukizunguka. Walikaribia kufaulu, hadi wapanda farasi wa Kirumi walipowatokea nyuma. Vercingetorix alijisalimisha, akauawa Roma mwaka 46 KK.

Mwaka 51 KK Uxellodunum, mji mwingine wa ngome wa Wagali, ikaonyesha upande mwingine wa shilingi. Wakuu wake walitoka usiku kuleta nafaka kabla hawajazingirwa, na msafara ulinaswa. Hata hivyo ndani kulikuwa na akiba ya kutosha. Caesar akalenga maji. Alijenga tuta na mnara kuikabili chemchemi. Wenyeji wakaviringisha mapipa ya mafuta, lami na vibao yaliyowashwa moto. Huku wakipigania tuta, wachimbaji wa Kirumi walitoboa chini kwa chini hadi kwenye mkondo, chemchemi ikakauka, mji ukasalimu amri. Waliobeba silaha walikatwa mikono wakaachwa hai. Huko Puy d'Issolud, kusini-magharibi mwa Ufaransa, handaki hilo limefukuliwa, pamoja na vichwa vya mishale kwa mamia. Niishie hapo ili tupate muda wa maswali.