Piga kinanda kwenye filamu bubu kama enzi za Wurlitzer

Haya, washa kinanda. Hata kile cha mazoezi ya kwaya kinafaa. Tafuta filamu bubu ya vichekesho, fupi tu, uiweke mahali unapoiona bila kugeuza shingo.

Anza na sauti. Usichukue ogani ya kanisani. Chukua ya filimbi, laini, kisha ongeza mtetemo mpaka uone umezidisha. Hapo ndipo penyewe. Ogani za majumba ya sinema za kampuni ya Wurlitzer, zilizotengenezwa North Tonawanda jimboni New York, Marekani, zilitetema hivyo hivyo. Mwingereza Robert Hope-Jones, aliyejiunga na kampuni hiyo mwaka 1910, alitumia umeme kuunganisha vibonyezo na mabomba yanayotoa sauti, na safu moja ya mabomba ikatumika kwa sauti za juu na za chini. Mpiga kinanda mmoja akashika kazi ya okestra nzima, na wenye majumba ya sinema, nadhani unajua, walipenda hesabu hiyo.

Sasa gawa kinanda: upande wa chini kabisa weka ngoma na matoazi. Wapiga ogani wa sinema enzi hizo walikuwa na ngoma halisi, kengele, honi ya gari, filimbi ya ndege na kwato za farasi, vyote vimefungiwa chumbani na mabomba, vikiendeshwa kwa upepo.

Mguu wa kulia uweke kwenye pedali ya sauti. Kwao pedali hiyo ilifungua vibao mfano wa luva mbele ya chumba. Usiikanyage ghafla; ongeza polepole hatari inapokaribia.

Itazame filamu mara moja bila kupiga, uandike matukio kwa mpangilio. Kila mhusika mpe kipande chake kifupi cha muziki. Studio nazo zilikuwa zikituma karatasi za namna hiyo pamoja na filamu, hadi filamu zenye maongezi zilipoanza kushika soko baada ya 1927 na wapiga ogani wengi wakakosa kazi.

Ukianza kupiga, macho yabaki kwenye picha. Mtu akianguka usikimbilie ngoma kila mara, watazamaji watachoka. Bunduki ikikaribia kulia, nyamaza pigo moja kabla, ndipo upige ngoma. Makosa ya noti yaache yapite. Ukirudia, farasi ameshaondoka.

Tayari? Rudisha filamu mwanzo. Sauti inaingia kabla jina la filamu halijatokea. Moja, mbili…