Kabla hujanunua kabureta mpya, kakwangue ethi

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Tuanze basi, manake ukumbi tumepewa saa moja tu. Historia ya MGB, hii gari yetu ndogo ya michezo ya Kiingereza, siigusi, wote mliokaa hapa mnaijua, kiwanda cha Abingdon, 1962 mpaka Oktoba 1980, gari zaidi ya laki tano zimetoka pale. Na wengi wenu mmeinunua kwa sababu hiyohiyo niliyonunulia mimi, kwamba ni gari ya zamani lakini spea zake zipo kila kona ya Uingereza, hata bodi nzima mpya unaagiza, wanazitengeneza Witney hapo. Sasa shida inaanzia hapohapo. Spea zikiwa rahisi kupatikana, mtu hatafuti tena ubovu uko wapi, anafungua simu anaagiza.

Mimi hili nimelisema mwaka juzi, nikalisema mwaka jana, na leo nalisema tena: usibadilishe kitu kwenye hii gari mpaka kwanza ifanye kazi kama ilivyotoka kiwandani. Na pa kuanzia ni kwenye ethi, yaani pale umeme unapofungwa kwenye chuma cha gari ili urudi betri. Najua mlidhani nitaanza na injini. Hapana, ethi.

Ngoja niwape kisa. Mwezi wa 11 mwaka jana kijana mmoja alinipigia, mdogo wetu kabisa, ana GT, ile MGB yenye paa la chuma, ya 1972, nzuri, rangi imepigwa vizuri mpaka ndani ya boneti. Ananiambia kaka, gari asubuhi haiwaki, stata inazunguka kivivu, nimechoka. Nikamuuliza umeshafanya nini. Jamani! Betri mpya zote mbili, manake gari ya mwaka ule ina betri mbili za volti 6 kule nyuma ya siti. Stata mpya. Koili mpya. Oltaneta mpya. Na mezani gereji kwake iko boksi, ndani kuna kabureta ya Weber, manake kuna mtu kamwambia zile SU mbili, kabureta za kiwandani, ndo zinazogoma kwenye baridi, azitupe aweke kabureta moja kubwa. Pesa aliyomwaga hapo angeenda nyumbani kusalimia wazazi na kurudi.

Nikamwambia kaa ndani, vuta choki, piga stata. Akapiga, ikawa nguu, nguu, nguu. Mimi nimesimama kwa mbele nimeshika waya wa choki pale unapoingia kwenye kabureta. Nikatoa mkono haraka, wa moto, moto kama bilauri ya chai ilomiminwa sasa hivi. Sasa mnanielewa? Waya wa choki ni waya wa kuvuta tu, kazi yake ni kuvuta, haina habari na umeme. Kwa nini uwe wa moto?

Ni hivi. Injini ya MGB imekalia mipira, haigusani na bodi. Umeme unatoka betri, unakuja kwenye stata, na stata ikizunguka inakula zaidi ya ampea mia, halafu huo umeme wote lazima urudi betri. Njia ya kurudi ni mkanda mmoja wa shaba iliyosukwa, umefungwa boliti upande mmoja kwenye chuma cha injini na upande mwingine kwenye bodi, basi. Kwenye ile gari mkanda upo, lakini aliyepaka rangi ndani ya boneti kafunga boliti juu ya rangi mbichi, na rangi haipitishi umeme. Sasa umeme wenyewe haukai ukasubiri, unatafuta upenyo wowote, ukapitia waya wa choki, ukapitia na waya wa akselereta, vijiwaya vyembamba vile, ndo vikapata moto. Na kwa sababu volti nyingi zimepotelea njiani, hata koili nayo inapata umeme mdogo, cheche kwenye plagi inakuwa hafifu, mtu anaona cheche hafifu ananunua koili. Sasa koili ina kosa gani?

Nikatoa mita. Naomba mwandike hii, hata kama mengine yote mtasahau. Toa waya wa koili ili gari isiwake. Mita iweke kwenye volti, ncha moja gusisha kwenye chuma cha injini, chuma kisafi sio rangi, ncha nyingine gusisha kwenye nguzo hasi ya betri, yaani kwenye risasi yenyewe ya nguzo, sio kwenye kile kibano. Mwenzio apige stata. Ikisoma chini ya nusu volti uko salama. Yake ilisoma 3 na ushee. Volti 3 kati ya 12 zinapotea kwenye njia ya kurudi peke yake! Tukafungua boliti, tukapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukaweka mkanda mpya wa pauni chache, tukapaka vaselini juu isishike kutu, tukaenda na kule nyuma betri inapofungwa kwenye bodi tukafanya hivohivo. Akageuza ufunguo, gari ikawaka hata hajaachia mkono. Kijana akanyamaza, akaangalia lile boksi la Weber. Kesho yake alilirudisha dukani.

Sasa kuna kaka pale nyuma anatikisa kichwa, najua anachotaka kusema, anataka kusema shida ni Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hizi, umeme wa Lucas ndo ulivyo, ule utani wa mfalme wa giza. Mimi utani ule umenichosha na nitawaambia kwa nini. Nimekulia Tanga, gereji ya mjomba wangu ilikuwa imejaa Land Rover na Bedford, na ndani ya boneti ni Lucas tupu, dainamo ya Lucas, distributa ya Lucas, swichi za Lucas, na gari zile zilikuwa zinapanda Usambara na matope, zinarudi na chumvi ya bahari inazila usiku na mchana. Sikumsikia mjomba hata siku moja akitukana Lucas. Gari ikija taa hafifu, kitu cha kwanza anatuma mtoto na msasa, nenda kakwangue ethi. Mtoto mwenyewe ndo mimi. Kitu kina miaka 50, kimenyeshewa mvua ya Uingereza miaka 50, vikonekta vyake havijafunguliwa hata mara moja, halafu unamlaumu aliyekitengeneza?

Na ukitaka kujua kama ni ethi, gari inakuambia yenyewe. Ukiwasha indiketa na taa ya breki ya upande uleule inapepesa nayo, hiyo ni ethi ya taa ya nyuma. Ukiweka taa kubwa na geji ya petroli ikashuka, ni ethi. Taa moja ya mbele njano na mwenzie nyeupe, fungua pale mbele ya rejeta, utakuta vile vikonekta vidogo vya kusukumiza, waya mweusi umeingia, ndani kumekuwa kijani. Kwangua, badilisha kile kishikio cha mpira, kazi ya nusu saa.

Nyaya zenyewe hawa watu walizipanga vizuri sana, mimi nawaheshimu kwa hilo. Nyeusi ni ethi. Kahawia ina umeme saa zote, hata ufunguo uko mfukoni. Nyeupe inapata umeme ukiwasha suichi. Kijani ni ileile nyeupe ikishapita fyuzi. Zambarau ni kahawia ikishapita fyuzi. Nyekundu taa ndogo, bluu taa kubwa. Ukishazijua hizo umeijua gari nzima. Na sikilizeni vizuri, kahawia haina fyuzi. Nimeshaona mtu kafunga redio, kaiba umeme kwenye kahawia kwa kuwa ndo ilikuwa karibu na mkono, ule waya ukisuguana na chuma ukachunika gari inaungua. Iba kwenye kijani au zambarau, weka na fyuzi yako mwenyewe njiani. Kabla ya gari za mwisho wa 1967 ethi ni chanya, sio hasi, kwa hiyo mwenye gari ya zamani zaidi aangalie kabla hajaunganisha kitu cha kisasa, ataunguza.

Haya, saa ngapi? Ishafika nusu? Basi SU tuifanye haraka.

Kabureta ya SU ni kifaa rahisi kuliko vyote mlivyowahi kushika, na watu wanazitupa kila siku. Toa kile kifuniko cha juu chenye kijiti, angalia kama kuna oili. Kavu? Ndo maana gari inashtuka ukikanyaga ghafla. Weka oili. Inua pistoni kwa kidole ukiwa umetoa kijiti, iachie, lazima ishuke ikalie chini na mlio mmoja mkavu, tak. Ikikwama katikati safisha, usisugue na msasa hapo, hapo hapana kabisa, kitambaa na petroli tu. Kupima mchanganyiko, gari ikiwa ya moto na iko sailensa, yaani inanguruma polepole bila kukanyagwa, inua pistoni milimita moja tu: injini ikipanda ikakaa huko juu, petroli nyingi, ikitaka kuzima, petroli kidogo, ikipanda kidogo ikarudi, iache hivohivo funga boneti. Lakini vavu na plati na taimingi viwe vimeshakaa sawa kwanza, ukianza na kabureta utazunguka mpaka usiku. Mtu akishindwa hiyo ndo aje tuongee Weber, na mpaka leo hajaja mtu.

Mtasema huyu mzee hataki mabadiliko. Nayataka! Gari yangu mwenyewe ina plati za elektroniki ndani ya distributa ileile, ina rilei za taa kubwa, ina feni ya umeme kwa ajili ya foleni. Hivyo vyote unaweza kuving'oa jioni moja na gari ikarudi ilivyokuwa. Kichwa cha injini kikifunguliwa, weka siti ngumu za vavu, manake petroli ya risasi, iliyokuwa inazikinga zile laini, hapa iliondolewa kuanzia mwaka 2000. Na mipira ya petroli badilisheni yote, tangu 2021 petroli ya kawaida ni E10, ina ethanoli mpaka asilimia 10, inakula mpira wa zamani inauacha laini kama ubani, na mpira ukivuja unavujia juu ya ekzozi, manake kwenye hii injini kabureta na ekzozi viko upande mmoja. Hii sio ya kusubiri wiki ijayo. Wanaotaka V8, kiwanda chenyewe kiliifunga kwenye GT kuanzia 1973 mpaka 1976, kwa hiyo sio dhambi, lakini breki na bodi vije kwanza.

Na bodi sasa. Bodi nilitaka niipe nusu ya mhadhara, nawaombeni radhi. Gari hii haina chesisi, ile ya wazi kwa juu haina hata paa la kuishikilia, kinachoishika isikunjike katikati ni ule ubavu wa chini ya mlango, kushoto na kulia, na ubavu ule una tabaka ndani yake, la nje, la katikati na la ndani. Kutu inaanzia ndani, nje rangi inang'aa. Ukienda kununua, inyanyue na jeki halafu fungua mlango na ufunge. Ukikwama, ondoka, usisikilize bei. Na mkishaamua kukata na kuchomelea, kabla hujagusa grainda chomelea chuma kukingama kwenye tundu la mlango, manake ukikata bila kile chuma gari inajikunja hapohapo na milango haitafunga tena maisha. Kuna dada mmoja aliletewa gari yake hivyo kutoka gereji, mwanya wa mlango juu unapitisha kidole na chini haupiti kadi ya benki. Alilia, na mimi nilikaribia.

Breki na zile shokamzoba za zamani zenye mkono wa chuma, hatuna muda, wanatufungia mlango. Tokeni nje, gari zenu ziko saba pale parking nimezihesabu wakati naingia. Mita ninayo, msasa ninao. Tunaanza na ile nyekundu.