Maumivu Yamepungua, Maisha Je?

Wenzangu, wimbo ni uleule. Mgonjwa wa mgongo anakuja, ameumwa zaidi ya miezi mitatu, tunamuuliza: kuanzia 0 hadi 10, maumivu ni ngapi? Leo 8, kliniki ijayo 4. Tunaandika "anaendelea vizuri" na kuita anayefuata.

Yule fundi cherehani wangu mnamjua, na leo mtamsikia tena. Alikuja na 8, akarudi na 4. Nikamdadisi. Cherehani ameiuza. Mwanawe hambebi tena. Kwenye shughuli haendi, kwa sababu kukaa nusu saa tu ni adhabu. Viatu anavalishwa. Kwa nini maumivu yasipungue, ikiwa kila linalomuuma ameliacha? Na yuko mwenzake anayesema 7 hadi leo, lakini kazini amerudi na usiku analala. Kwa daftari letu, huyu wa pili ndiye aliyeshindwa!

Nasikia mtu huko nyuma ananong'ona, "Si tuna MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili?" Tunayo. Inaonyesha diski zilizochakaa, yaani vile vijito vilivyo kati ya pingili za mgongo, na diski kama hizo zimejaa migongoni mwa watu wasioumwa hata kidogo. Picha haikwambii nani anaweza kuinama.

Vipimo vya kile mgonjwa anachoweza kufanya vipo tangu zamani. Dodoso la Oswestry ni la 1980: sehemu 10, kila moja alama 0 (hakuna shida) hadi 5 (shida kubwa kabisa), kuanzia kunyanyua mizigo hadi kusafiri. Roland-Morris la 1983 lina sentensi 24, mgonjwa anatia alama zinazomhusu leo. Ni dakika chache, kwa hiyo hadithi ya foleni msinipe. Na ile sehemu ya tendo la ndoa kwenye Oswestry, jamani, mnairuka kwa haya zenu, si za mgonjwa. Akiiacha wazi mwenyewe, jumla ya alama igawanyeni kwa 45 badala ya 50 mnapotafuta asilimia. Msimjazie 0, maana 0 ni kusema huko mambo ni shwari.

Oswestry haigusi wasiwasi wala huzuni. Ongezeni EQ-5D, dodoso fupi la afya kwa jumla, hiyo inauliza. SF-36, dodoso jingine la afya lililo refu zaidi, nairuka, mwenyekiti keshaangalia saa mara mbili. Ila pimeni siku ya kwanza, kabla ya matibabu, la sivyo alama za mwisho mtazilinganisha na nini? Na fomu ajaze mgonjwa, si mkwe aliyemsindikiza.

Haya, maswali.