Kuganga Chambo cha Mpira

Asalaam aleikum, hamjambo. Kabla sijasema lolote, chukueni hiki mkipitishe mkono kwa mkono. Mzee wa mbele, anza wewe, kisha mpe jirani yako. Msiogope, hakina ndoana. Ni chambo cha mpira, kile chenye mkia kama kasia, ambacho wageni wetu wanakuja nacho pakiti kwa pakiti. Kitazameni vizuri. Mkia mzima, mgongo mzima, rangi bado inang'aa. Kilichokufa ni kichwa peke yake: sentimita moja na nusu ya mbele imepasuka, ndoana haishiki tena. Nilikiokota sakafuni mwa boti. Mgeni alikitupa baada ya chewa mmoja tu.

Mimi ubaharia niliuanza Watamu kwa kuosha boti, na mwosha boti anazijua taka za chombo kuliko nahodha. Vyambo vya mpira nilivyovifagia vingi vilikuwa hivi hivi, kichwa kimechanika na mwili mzima. Samaki anauma mkiani au tumboni, lakini kurusha, kuvuta, kung'oa ndoana kwa praisi, mzigo wote huo unaangukia pale ndoana ilipoingilia. Kwa hiyo leo nitasema juu ya hiyo sentimita na nusu. Pakiti moja ya vyambo hivi dukani Mombasa, bei yake unanunua kilo ya nyama na chenji huioni. Halafu tunatupa.

Wala msidhani nawaletea elimu ya ng'ambo. Hapa pwani champali iliyokatika ukanda inachongwa ikawa boya la wavu. Nyuzi za gunia zinachambuliwa, zinafungwa juu ya ndoana, mtu anarambaza nazo, akizikokota nyuma ya chombo, na anarudi na samaki. Wenzetu wa Lamu waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, wakalivisha champali ubavuni, wakalishusha majini 2018. Kutumia kilichochakaa tunakujua. Ila chambo cha mpira hakitaki kisu peke yake. Kinataka ujue kimepikwa na nini.

Nimesema kimepikwa, na kweli kilizaliwa jikoni. Mwaka 1949, mjini Akron, Ohio, Marekani, bwana mmoja Nick Creme na mkewe Cosma walikuwa wanapika plastiki juu ya jiko lao mpaka wakapata mnyoo wa bandia ulio laini kama wa kweli. Walichochanganya ndicho kilichomo hadi leo katika vyambo vingi vya aina hii: PVC, ile ile ya bomba la maji nyumbani kwako, pamoja na mafuta ya kuilainisha. Bomba ni gumu kwa sababu halikutiwa mafuta hayo. Chambo ni laini kwa sababu kimeyanywa mengi. Ndiyo maana kinakuacha vidole vinateleza, na ndiyo maana kikipata moto kinayeyuka na kujiunga chenyewe kwa chenyewe.

Sasa tazameni mkono wangu. Hiki ni chambo kingine, jeraha lile lile. Hiki ni kisu cha zamani, kwa samaki sikitumii tena. Na hiki kiberiti cha gesi. Kijana, hebu funga hilo dirisha, kusi itanizimia. Ahsante.

Kwanza nakausha. Maji yakibaki ndani ya jeraha kiungo hakishiki, kwa hiyo napangusa kwa kitambaa ndani na nje, taratibu. Pili, moto unakwenda kwenye kisu, hauendi kwenye chambo. Wengi wanakosea hapa. Wanashika kiberiti wanakichoma chambo moja kwa moja, kinafanya masizi, na penye masizi pamekufa, hapaungi. Mimi napasha ncha ya kisu, kisha najaribu kwenye kipande cha kutupa. Kikiyeyuka kimya kimya, sawa. Kikitoa moshi, kisu kimezidi moto, nasubiri.

Haya. Naingiza ncha katikati ya midomo miwili ya jeraha. Moja, mbili. Mnaona ilivyoanza kung'aa kama imepakwa samli? Natoa kisu, nabana kwa vidole. Nahesabu hadi kumi na tano, na usichungulie katikati, ukichungulia umeanza upya. Kisha kwenye bilauri ya maji. Tayari. Huyu naye mpitisheni, amfuate mwenzake.

Nikiwa baharini na chombo kinayumba, moto siushiki. Hapo natumia supaglu. Inashika vizuri kwenye PVC, lakini ikikauka inakuwa ngumu kama kucha, kwa hiyo tone moja tu, tena kichwani, si karibu na mkia, maana mkia ukikakamaa hauchezi na samaki haoni sababu ya kuuma. Kazi ambayo hasa naipendea supaglu ni ya kinga: chambo kikiwa kipya, kabla hakijaingia majini, tia tone moja pale kinapogusana na kichwa cha risasi, ule uzito ulioshikana na ndoana. Hakitateleza, na kisichoteleza hakichaniki upesi.

Dada yule pale ameuliza, je, kama kichwa kimesagika kabisa, hakuna cha kuunga? Kikate. Unapata chambo kifupi, na vifupi nimevulia kolekole wadogo siku ambazo virefu vilikataliwa. Kama ni mnyoo mrefu uliochanika ncha zote mbili, ndoana ipitishe katikati, mnyoo uning'inie pande mbili. Lakini kwanza kata pete nyembamba ya tyubu ya baiskeli, ivishe kiunoni mwa mnyoo, na ndoana ipite chini ya pete. Pete ndiyo itakayobeba mzigo. Na mkia uliojikunja ndani ya pakiti usiutupe: utumbukize kwenye maji ya moto sekunde kumi hivi, ulaze unyooke, kisha maji baridi. Maji ya themosi ya chai yanatosha.

Sasa nije kwenye hasara yangu. Kuna vyambo vinavyofanana na hivi kwa macho lakini si PVC. Vimetengenezwa kwa mpira unaoitwa TPE, unaovutika mara kadhaa ya urefu wake bila kukatika, na kwenye maji yasiyo na chumvi unaelea. Kuchanika kwake ni kwa shida, ni chambo kizuri. Lakini hakikai chumba kimoja na PVC. Mimi sikulijua hilo. Niliviweka pamoja katika sanduku moja, nikaliacha juani siku mbili, nilipofungua nilikuta uji wa rangi saba. Nilikuwa nimekusanya vyambo vile kimoja kimoja kwa msimu mzima. Sanduku lenyewe lilikuwa limetoboka chini, maana yale mafuta ya kulainisha yanakula pia plastiki ya masanduku ya bei rahisi. Geuza sanduku utazame ile pembetatu yenye namba. Namba 5 itavumilia. Namba 6, weka misumari.

Ukiwa na chambo usichokijua asili yake, kuna mtihani. Chukua waya wa shaba, ushike kwa praisi, uchome kwenye moto wa gesi mpaka moto uache kubadilika rangi. Ungali wa moto, gusa chambo, kiache kidoa kidogo tu, urudishe waya motoni. Moto ukigeuka kijani, hiyo ni PVC, maana klorini iliyomo ndani yake ndiyo inayotoa kijani na shaba. Usipogeuka, ni kitu kingine, kitenge peke yake. Fanya nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni, na kidoa kiwe kidoa.

Naona vijana wa nyuma wamechangamka, wanataka kuyeyusha vipande vyote na kumimina vyambo vipya. Inawezekana. Vipande vya PVC vikifika kama nyuzi 175 za selsiasi vinayeyuka vikatiririka kama asali, unamimina kwenye kalibu, unasubiri, unatoa. Kalibu watu wanaitengeneza kwa jasi: unalaza chambo kizima juu ya jasi mbichi, inaganda, unakitoa, umebaki na umbo. Lakini jasi ikauke kabisa kabisa, kisha ipakwe gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, nayo ikauke. Tone la maji likikutana na plastiki ya nyuzi 175 linageuka mvuke papo hapo na kurusha kila kitu. Hili kovu la mkononi nililipata hivyo, kwa kipande kimoja ambacho sikukikausha.

Na ukipitiliza moto, hapo si mchezo. Kuelekea nyuzi 200 na zaidi plastiki inageuka manjano, halafu kahawia, halafu inatoa moshi, na ndani ya moshi ule mna gesi ambayo ikikutana na unyevu wa koo lako inakuwa asidi ya hidrokloriki. Hakuna kikohozi kitakachokutolea hiyo. Kwa hiyo kipimajoto lazima, nje lazima, na sufuria iliyoingia kazi hii isirudi jikoni maisha. Baadhi ya yale mafuta ya kulainisha Ulaya waliyapiga marufuku kwenye vitu vya kuchezea watoto, sheria ya 2005. Basi usije ukawapikia wanao wali mlemle. Mimi binafsi, kwa vipande vichache, siyeyushi. Naganga. Kuyeyusha ni kwa mwenye ndoo nzima na subira ya ndoo nzima.

Kile kisichogangika kisiende baharini. Kule jimbo la Maine, Marekani, watafiti walichapisha mwaka 2009 matokeo ya samaki 38 wa mtoni waliowekwa na vyambo hivi ndani ya maji. Zaidi ya nusu walivimeza kwa hiari yao, bila ndoana, bila mshipi. Vilikaa tumboni wiki 13 bila kutapikwa, na samaki wakakonda, hamu ya kula ikapungua. Mwaka 2013 mswada wa kupiga marufuku vyambo vya mpira ulifika mbele ya wabunge wa jimbo hilo, haukupita. Huku kwetu hakuna mswada, kuna chupa tu: mimi nafunga chupa tupu ya maji kando ya kiti cha nahodha, kila kipande kinaingia humo. Mgeni akiiona naye anatia, bila kuambiwa.

Bwana ameuliza nguru. Bwana, kwa nguru usinitafute. Nguru na mzia wana meno ya mkasi, mkia unakatwa safi kwa pigo moja, na hapo hakuna kidonda cha kuunga, kuna nusu ya chambo. Nguru mpe chuma. Mpira uweke kwa kolekole na chewa, wanaoponda na kumeza.

Mbona kile chambo nilichokiunga hakijarudi? Nani anacho? Mzee, umekivuta! Hapana, usiombe radhi, ndivyo ilivyotakiwa. Kimekatika? Hebu nione. Tazameni hapa: kiungo kipo pale pale, kimekatika pembeni yake, penye nyama yenyewe. Lete kiberiti, na dirisha lisifunguliwe bado.