Ukoo wa 8086

Waheshimiwa walimu, ndugu wanafunzi, na wageni wetu mliotoka Mikindani, hiki nilichokishika, kigae cha kauri chenye pini 168 upande wa chini, ni prosesa, yaani kipande kinachotekeleza maagizo ya programu, ya aina ya 486, niliyoichomoa katika kompyuta ya ghala moja la korosho hapa Mtwara baada ya mashine hiyo kugoma kuwaka. Mpokezane, ila msizipinde pini zake.

Ukoo wake ulianza mwaka 1978, kampuni ya Intel ilipotoa 8086, yenye transista (swichi ndogo sana za umeme) 29,000 hivi na uwezo wa kufikia megabaiti 1 tu ya kumbukumbu. Mwaka 1981 kampuni ya kompyuta ya IBM iliiteua nduguye, 8088, kwa kompyuta yake binafsi. Na kwa maoni yangu bahati hiyo iliufaa ukoo kuliko ustadi wowote wa wahandisi, kwa sababu 8088 ilipitisha data nje kwa biti 8, yaani tarakimu nane za 0 au 1 kwa mkupuo, ikakubali vipuri vya bei nafuu vilivyokuwapo tayari.

Yenye mafunzo zaidi ni 286 ya mwaka 1982. Ilikuja na hali mpya iliyozuia programu moja isivuruge kumbukumbu ya nyingine, lakini ikishaingia humo haikuweza kurudi katika hali ya zamani, ambayo ndiyo programu za watu ziliandikiwa, mpaka prosesa ianzishwe upya. Ni mlango wenye kitasa upande mmoja. 386, mwaka 1985, ilitia kitasa upande wa pili, ikapanda hadi biti 32, na ikaweza kuendesha programu kadhaa za 8086 kwa pamoja, kila moja ikijiona iko peke yake. 486 ya mwaka 1989 ilivuka transista milioni 1. Pentium ya mwaka 1993 isitucheleweshe, ila kwa kasoro yake ya kukosea baadhi ya hesabu za kugawanya, iliyofichuliwa mwaka 1994 na profesa wa hisabati Thomas Nicely, na ambayo Intel ilitenga dola milioni 475 kuigharamia.

Mwaka 2001 Intel ilijaribu kuhamia kwenye Itanium, yenye lugha ya maagizo tofauti kabisa. Programu za zamani zilijikokota humo, na wateja wengi wakasita. AMD, kampuni shindani ya Intel, iliipanua lugha ileile ya 8086 hadi biti 64 mwaka 2003, na mwaka uliofuata Intel yenyewe ikaifuata.

Karani wa ghala lile aliihofia programu yake ya kuorodhesha uzito wa magunia. Niliihamishia kwenye kompyuta ya Pentium, ikafunguka bila kubadilishwa hata herufi moja. Alilolalamikia ni kwamba orodha sasa inapita kwenye kioo upesi mno, haisomeki.