Kupeleka mchele Msumbiji kwa mfumo: kuanzia daftari mpaka Mtambaswala

Habari zenu wadau, karibuni tena hapa steshenari kwetu, Mtwara mjini. Leo tunapeleka mchele Msumbiji. Magunia 40 ya kilo 50, yaani tani mbili, mchele wa Kitere, unavuka mpaka wa Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja, mto Ruvuma. Mwenye mzigo yupo hapa pembeni, hataki sura yake ionekane, kwa hiyo mtamsikia akiguna tu nikitaja habari za malipo.

Nafanya video hii kwa sababu hii kazi naipenda, na sifichi, naiuza pia. Ukija hapa nakujazia kila kitu kwenye mfumo wa vibali wa mtandaoni, unalipa, unaondoka. Lakini wengi mnaokuja mngeweza kujaza wenyewe kwa simu, mmejilaza kwenye mkeka. Mfumo mnauogopa bure. Mzigo unakwama kwa sababu mtu kaandika hivi kwenye fomu, vile kwenye ankara, na kwenye cheti kaandika tatu yake. Zamani ofisa alisoma kwa macho, akakuuliza, mkaelewana. Mfumo unalinganisha herufi kwa herufi.

Ndiyo maana hatufungui kompyuta kwanza. Tunafungua daftari. Sogeza kamera hapa, shuka kidogo, kidole changu kimeziba. Haya.

Mstari wa kwanza, jina la msafirishaji kama lilivyo NIDA. Watu wa Kusini, nisikilizeni hapa. Sisi tunajiita Saidi, Mohamedi, Hamisi, Bakari. Halafu mtu wa ankara anakuandika Said, Mohammed, Khamis, anaona ndiyo kisomi. Kitambulisho kinasema SAIDI? Basi Saidi yenye i mwishoni, kila karatasi, mpaka mwisho wa safari.

Mstari wa pili, TIN yako. Wa tatu, jina la mnunuzi wa ng'ambo na NUIT yake. NUIT ni namba ya mlipakodi ya kwao, kama TIN ya kwetu, na zote mbili zina tarakimu 9. Umeona hatari ilipo? Mfumo unahesabu tarakimu, zikitimia 9 unaweza kupita, kumbe umeweka ya mnunuzi kwenye kisanduku chako. Mimi ya kwangu naandika kwa kalamu ya bluu, ya mnunuzi nyekundu. Wewe tumia hata mkaa, ilimradi usizichanganye.

Mstari wa nne, bidhaa na namba yake ya HS, ile ambayo forodha wanaitumia kutambua aina ya bidhaa. Mchele uliokobolewa ni 1006.30. Mpunga ni 1006.10. Chenga ni 1006.40. Msiniletee gunia la chenga mkaniambia ni mchele tu, kwenye forodha ni vitu viwili. Ingawa kwa vitumbua mimi chenga ndiyo naitaka, lakini hiyo ni video nyingine. Tarakimu hizi sita za mwanzo ni zilezile duniani kote, ndiyo maana mnunuzi wako kule Msumbiji naye ataziweka kwenye mfumo wa kwao, ule wanaouita Janela Única. Mpigie simu sasa hivi, mkubaliane namba moja. Kwenye ankara yake anaandika arroz, sisi tunaandika mchele, ila namba ndiyo inayowakutanisha.

Tena jina la kitaalamu la mmea, *Oryza sativa*. Cheti cha usafi wa mimea, tutakifikia, kitaliuliza. Ukipeleka mbaazi ni *Cajanus cajan*, ufuta ni *Sesamum indicum*. Andikeni hayo, nangoja.

Mstari wa tano, uzito. Hapa kuna uzito wa mchele wenyewe, kilo 2,000, na uzito pamoja na viroba. Usiweke namba moja kote. Pima kiroba kitupu, zidisha mara 40, jumlisha. Usikadirie, mizani zipo.

Mstari wa sita, namba ya gari. Wa saba nauacha wazi kwa makusudi, tutaurudia, na mtanichoka.

Sasa kompyuta. Tunaingia mfumo wa vibali wa Wizara ya Kilimo, ATMIS. Kufungua akaunti siwaonyeshi: TIN, barua pepe, simu, neno la siri, umemaliza. Neno la siri liandike mahali, maana watu wawili kati ya watatu wanaokuja hapa wanakuja kwa sababu wamelisahau, na mimi sina uchawi nalo.

Unaomba kibali cha kusafirisha nje na cheti cha usafi wa mimea, ambacho kinatolewa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Bidhaa, mchele. Nchi, Msumbiji. Jina... nakopi kutoka daftarini, mnaona, sifikirii. NUIT nyekundu, inakaa kwa mnunuzi. TIN ya bluu... 

Haya, umeme. Umekata. Na modemu imezima nayo. Mwenye mzigo, hiyo nimesikia.

Tumerudi. Mfumo umenitoa, kwa hiyo tunaingia upya, na hapa faida ya daftari ndiyo mnaiona: sijapoteza chochote, dakika mbili nimeshajaza tena. Kidokezo, bonyeza kuhifadhi kila ukimaliza ukurasa. Usingoje mwisho.

Sasa mstari wa saba. Sogeza kamera karibu, karibu zaidi, kisanduku hiki hapa. Kinauliza sehemu ya kuingilia. Kila mtu wa Mtwara anaandika Mtambaswala. Mtambaswala unatokea! Cheti hiki anakisoma ofisa wa Msumbiji, na anataka kujua mzigo unaingia kwao wapi. Kwa daraja hili unaingia Negomano. N-e-g-o-m-a-n-o. Kisanduku cha kutokea ndicho kinachoandikwa Mtambaswala.

Nasema tena kwa yule aliyekuwa anajibu meseji. Kutokea, Mtambaswala. Kuingilia, Negomano.

Kuna mteja aliletwa hapa na dereva wake, cheti kimeshatoka kizuri, kina muhuri na sahihi, sehemu ya kuingilia imeandikwa Mtambaswala. Cheti hakifutwi kwa kalamu, kinaombwa upya. Gari ng'ambo ya pili linangoja, dereva anadai posho, na vitunguu vile havikuwa na subira ya mchele. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kutuma, rudisha macho kwenye kisanduku hicho. Kama unavukia Kilambo kwa kivuko, basi kituo cha ng'ambo ya Kilambo ndicho unachoandika, muulize mnunuzi wako kinavyoandikwa rasmi kwao.

Mahali mazao yalipotoka, Kitere, Mtwara, Tanzania. Usiandike sokoni uliponunua. Yanatakiwa yalipolimwa.

Viambatisho: ankara, leseni ya biashara. Skani viwe PDF, na picha ya simu iliyopigwa usiku juu ya shuka la maua msinitumie. Faili likikataa kupanda, mara nyingi ni zito, lipunguze. Tuma.

Mfumo unakupa namba ya kumbukumbu ya malipo, hii mnayoiita kontrol namba. Tarakimu 12, inaanza na 99. Lipa kwa simu kwenye malipo ya serikali au benki, ukisoma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Namba hii ina tarehe ya mwisho, ipo hapo chini kwa maandishi madogo. Na mtu yeyote akikwambia mtumie kwenye namba yake binafsi yeye atakulipia, hata akiwa binamu yako, kataa kwa upole. (Mwenye mzigo ameguna. Nilisema.)

Baada ya malipo anakuja mkaguzi kuangalia mchele wenyewe. Hili halina mtandao, wadudu hawajazi fomu. Weka magunia mahali anapoweza kuchoma bambo na kuchukua sampuli, usiyabane ukutani. Akikuta fukusi, utafukiza kwanza.

Wakati mnasubiri, shughulikieni cheti cha uasili wa bidhaa. Hapa nina ugomvi na baadhi ya video mnazoangalia. Mtu amerekodi Namanga, anaeleza vizuri kabisa kile cheti rahisi cha Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi dola 2,000, na mtu wa Nanyumbu anaangalia, anafurahi, anaenda kukitafuta. Ndugu yangu, Msumbiji haipo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sisi na wao tunakutana SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Unachohitaji ni cheti cha uasili cha SADC, na mnaenda TCCIA, ile chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima. Bila hicho mchele unaweza kuvuka, lakini mnunuzi wako atatozwa ushuru kama vile umetoka Thailand, na bei mliyokubaliana inakufa palepale. Jina, uzito, namba ya HS, vyote kutoka kwenye daftari lilelile. Msianze kutunga.

Wa korosho ghafi, najua mpo, mmeshaanza kuuliza. Njia hii si yenu. Korosho ghafi inapita stakabadhi ghalani na mnada, na ikitoka nje ina ushuru wake wa asilimia 15 au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinachotozwa. Msijaribu kuiingiza hapa kama mchele.

Forodha sasa. Mfumo wa TRA ni TANCIS, na humo anayeingia ni wakala wa forodha mwenye leseni, siyo wewe, siyo mimi. Mpe faili lote: ankara, kibali, cheti cha usafi wa mimea, cheti cha uasili. Yeye anatoa tamko, ile TANSAD. Kabla hajatuma mwombe akuonyeshe skrini, usione haya, ni mzigo wako. Unaangalia vitu vinne tu: jina, namba ya HS, uzito, namba ya gari. Wakala mzuri hakasiriki. Akikasirika, tafuta mwingine.

Namba ya gari. Magari yetu haya mnayajua. Fuso linaharibika Masasi, mzigo unahamishiwa jingine, safari inaendelea, hakuna aliyemwambia wakala. Ukifika mpakani gari ni lingine kabisa na lililoandikwa kwenye mfumo. Ukibadilisha gari, piga simu kabla hujaondoka Mangaka, arekebishe. Ukishafika darajani utakuwa unarekebisha huku foleni nyuma yako inapiga honi.

Na pamoja na udijiti wote huu, chapisheni. Nakala mbili mbili, kwenye mfuko wa nailoni, dereva akae nazo kwenye dashibodi. Simu huzima, chaji huisha, na mtandao pembezoni mwa Ruvuma una tabia zake. Hapa kwangu kuchapisha naifanya papo hapo, hilo ni tangazo, mnisamehe.

Mwenye mzigo, soma mwenyewe kwa sauti, hapa, sehemu ya kuingilia imeandikwaje? ...Negomano. Safi. Bonyeza wewe.

Imekwenda. Mkiwa na bidhaa nyingine, iandikeni hapo chini pamoja na mpaka mnaovukia, nitaanza na zile zinazoharibika haraka kama nyanya. Wa samaki mtanisubiri kidogo kwa sababu samaki wana ofisi yao. Karibu mama, ni kuchapisha au kutoa kopi?